Tabo ya umeme ya bei chee: ipime mwenyewe kabla hujaifunga kwenye gari yako

Kuna hizi feni zinauzwa mtandaoni kwa jina la tabo ya umeme, wengine wanaiita supachaja ya umeme, ni kitu cha duara cha plastiki au alumini cha nchi tatu hivi, kina mota katikati na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Tangazo linasema ukiichomeka kwenye mpira wa hewa nguvu inapanda asilimia 15, mafuta yanapungua, na gari inapanda mlima bila kulia. Vijana wengi wenye IST, Vitz, Passo na Fielder wanaitamani sana na mi nawaelewa, hizi gari ni nzima, zina ulaji mzuri, ila ukipakia watu watano na mizigo ukakutana na mlima wa Kitonga unaona kabisa gari inaomba hewa.

Jibu langu: haziongezi nguvu, na nyingine zinapunguza. Lakini hii ni hela yako na injini ni yako, kwa hiyo usiishie kwenye neno langu, hapa chini nakupa njia za kupima mwenyewe kwa vitu vya hadwea na simu yako tu, na ukishapima hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

Kwanza tuelewane injini inakula hewa kiasi gani, maana hapo ndipo ubishi wote unapoishia. Chukua injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Fielder, Spacio, Premio na Allion nyingi tu. Kila mizunguko miwili ya krenki inavuta lita 1.5 za hewa. Ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika na umekanyaga mpaka mwisho hiyo ni lita 4,500 kwa dakika, yaani lita 75 kila sekunde, karibu madumu manne ya lita 20 kila sekunde. Kiuhalisia inakuwa pungufu kidogo kwa sababu silinda hazijai kabisa, ila picha ndo hiyo.

Sasa tabo maana yake si kupuliza hewa tu, maana yake ni kuishindilia hiyo hewa mpaka presha ya ndani ya mfumo ipite presha ya nje, ili silinda ile ile ya cc 1500 ibebe hewa nyingi zaidi na ichome mafuta mengi zaidi. Na kushindilia hewa kunakula nguvu, hakuna namna. Ukitaka hiyo 1NZ ipate psi 5 (psi ni kipimo cha presha, kile kile cha upepo wa tairi) kwenye mizunguko ya juu, ukapiga hesabu na upotevu wa kompresa na wa mota, unahitaji umeme wa wati 4,000 mpaka 5,000. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni ampea 350 hivi. Oltaneta ya gari ndogo inatoa ampea 70 mpaka 100 ikijitahidi, na hapo hapo kuna taa, feni ya rejeta, koili na pampu ya mafuta zinasubiri. Starta yenyewe, ile inayozungusha injini nzima kutoka kusimama na kuichosha betri yako asubuhi, ni ya kama kilowati moja tu, kwa hiyo ungehitaji starta nne zifanye kazi kwa pamoja muda wote umekanyaga mafuta.

Basi geuza hiyo feni uangalie kibandiko chake. Hiki ndo kipimo cha kwanza na ni bure, mwombe muuzaji apige picha ya kibandiko au akutajie ampea. Mara nyingi utakuta 12V na ampea 3 mpaka 6. Zidisha volti kwa ampea upate wati, 12 mara 5 ni wati 60. Nyingi ya hizi ni zile feni za kwenye maboti, za kutoa mvuke wa petroli kwenye chumba cha injini kabla hujawasha, na kwa kazi hiyo ni nzuri kabisa. Ila tuipendelee, tuseme wati zote 60 zimeingia kwenye hewa hakuna hata moja iliyopotea kuwa joto. Kwenye lita 75 kwa sekunde hizo wati 60 zinaweza kupandisha presha kwa psi 0.12 tu, ambayo ni chini ya asilimia moja, yaani hata hospawa moja haifiki kwenye injini ya hospawa 109. Na hapo nimeipendelea, kiuhalisia feni ndogo za hivi zinapoteza zaidi ya nusu ya umeme wake.

Kama hakuna kibandiko angalia waya. Ampea 350 zinataka waya mnene kama wa starta ule unaotoka kwenye betri. Ukiona vijiwaya vyembamba kama vya spika jua hapo hakuna kilowati yoyote inayopita. Cheki na mabawa pia, kompresa ya kweli ina gurudumu la chuma lenye mabawa yaliyopinda linalorusha hewa pembeni kwenda kwenye konokono, yaani ganda lake la mviringo, haya ya bei chee yana pangaboi ya plastiki imekaa katikati ya bomba.

Muuzaji akibanwa hapo atakwambia feni yake inatoa hewa nyingi, atakutajia namba kubwa ya futi za ujazo kwa dakika, na inawezekana hiyo namba ni ya kweli. Sikiliza vizuri hapa maana wengi wanaliwa hapa. Hiyo namba imepimwa feni ikipuliza hewani bila kizuizi chochote. Ukiipa kizuizi kidogo tu hewa inashuka haraka sana, na ukiziba kabisa inabaki inazunguka tu palepale. Ile video wauzaji wanayoonyesha ya mfuko wa plastiki unajaa upepo hainionyeshi chochote, mfuko hata mtoto anaujaza kwa mdomo. Tunachotafuta ni presha wakati hewa nyingi inapita, vyote viwili kwa pamoja.

Kipimo cha pili ndo nakipenda zaidi kwa sababu unaona kwa macho. Nenda hadwea nunua mpira wa levo, ule wa plastiki unaoona ndani ambao mafundi ujenzi wanautumia na maji kusawazisha msingi, mita tatu zinatosha. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la U, kila upande uwe na kama mita moja, weka maji mpaka nusu, ukitia rangi kidogo inasaidia kuona, subiri yatulie yalingane pande zote mbili na uweke alama kwa peni. Chukua kifuniko kigumu kinachoziba mdomo wa kutokea hewa wa feni, toboa tundu la kubana ncha moja ya mpira, ziba pembeni kwa tepu isivuje. Unganisha feni kwenye betri, weka fyuzi, iwashe sekunde chache tu halafu zima maana ikizibwa inapata moto haraka.

Maji upande mmoja yatashuka na mwingine yatapanda. Pima tofauti ya urefu kati ya pande mbili. Sentimita 70 za maji ni psi moja. Kwa hiyo feni iliyoandikwa psi 5 ingetakiwa iyarushe maji mita tatu na nusu, ingeyatoa nje ya mpira ikulowanishe na ubao wako. Hizi za maboti utaona maji yamesogea sentimita chache, unaweza kuzipima kwa vidole. Na kumbuka hiyo ndo presha kubwa kabisa iliyonayo, imezibwa, hakuna hewa inayopita. Injini ikianza kuvuta lita 75 kwa sekunde hata hizo sentimita hazipo tena.

Ukitaka kwenda mbali zaidi upime ikiwa kwenye gari, unatoboa tundu dogo kwenye bomba kati ya feni na throto (ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), unaleta ncha ya mpira pale, ubao wa U anaushika mwenzako kiti cha abiria. Hapa naomba unisikie vizuri: usiunganishe kabisa nyuma ya throto kwenye manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, kule mvuto ni mkubwa wa mita kadhaa za maji, utameza maji yote yaingie kwenye silinda na uharibu injini. Kati ya feni na throto tu. Halafu kupiga resi gari imesimama hakusaidii, throto inafunguka kidogo tu na injini haivuti hewa ya maana, lazima uendeshe na ukanyage mpaka mwisho gari ikiwa na mzigo. Dereva aangalie barabara, kusoma maji ni kazi ya abiria.

Ukikanyaga hivyo kwenye mizunguko ya juu, maji ya upande wa injini yakipanda maana yake ni mvuto, injini inanyonya hewa kupitia feni na feni imekuwa kizuizi njiani, pangaboi zinasukumwa na hewa badala ya kuisukuma. Yakishuka chini ya alama ndo kuna presha. Rudia feni ikiwa imezimwa, halafu irudishe ile boksi yako ya ea klina ya kiwandani na bomba lake urudie tena. Wengi wanashangaa kuona boksi ya kiwandani inapitisha hewa vizuri kuliko feni iliyowashwa.

Mwenye kifaa cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari cha kuchomeka chini ya usukani, anaweza kuangalia kwenye simu pia, ingawa baadhi ya gari za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani hazisomeki kirahisi na programu za kawaida. Gari yenye sensa ya kupima uzito wa hewa, kama 1NZ, angalia gramu kwa sekunde ukikanyaga mpaka mwisho karibu na mizunguko 6,000, nzima inakuwa kwenye 75 mpaka 90 hivi ukiwa usawa wa bahari. Feni ingekuwa inaongeza nguvu asilimia 15 na hiyo namba ingepanda asilimia 15, haina kona nyingine ya kujificha. Gari zenye sensa ya presha kama Honda Fit unaangalia presha ya manifodi, kwanza soma funguo ikiwa on injini haijawaka, hiyo ndo presha ya hewa ya ulipo. Dar au Mombasa utaona kama kilopaskali (kPa) 100 au 101, Nairobi na Mbeya utaona kama 83, usishtuke, ni mwinuko. Tabo ya kweli ikisukuma itapita hiyo namba ya mwanzo. Isipopita hakuna kilichoshindiliwa.

Na kwa watu wa Nairobi, Mbeya, Arusha, hapa kuna kitu cha kweli kinachowafanya muonekane wateja wazuri: injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo kwenye mita 1,700 umeshaacha kama asilimia 17 njiani. Gari yako kweli ni nzito kuliko ilivyokuwa Tanga kule pwani, hujakosea. Ila feni ya wati 60 haikurudishii hizo.

Kipimo cha tatu ni muda, kwa sababu mwisho wa siku mtu anataka kujua gari inakimbia au haikimbii. Hapa usitumie hisia, hisia zinadanganya mno, feni inalia mlio mtamu, umeshatoa hela, fundi wakati anafunga alitoa ea klina chafu na akasafisha throto, akachomoa betri, halafu gari ikiwa nyepesi sifa zote zinaenda kwa feni. Tafuta barabara iliyonyooka ya usawa isiyo na makazi wala watu, asubuhi mapema. Injini iwe imeshapata moto, AC imezimwa, vioo vimefungwa, watu walewale, mafuta yaleyale. IST ya otomatiki weka gia kwenye 2, tembea kama 50 halafu kanyaga mpaka mwisho mpaka ipite 90, uangalie muda wa kutoka 60 kwenda 90. Kwenye 2 injini hapo inakuwa kwenye kama mizunguko 3,400 mpaka 5,100, ndo sehemu ambayo feni inatakiwa ionyeshe kazi. Mwenzako arekodi video ya saa ya spidi kwa simu, IST ile ya kwanza saa iko katikati ya dashibodi kwa hiyo ni rahisi, weka simu kwenye picha 60 kwa sekunde, ukifika nyumbani unahesabu picha moja moja.

Swichi ya feni iwe kwa abiria, na dereva asijue kama imewashwa au imezimwa. Muwe mnabadilisha, mara imewashwa mara imezimwa bila mpangilio, kwenda na kurudi ili upepo na mteremko visikudanganye, mrudie mara za kutosha. Muda ukiwa kama sekunde 5, nguvu ya asilimia 15 ingeutoa sekunde 0.65 nzima, hizo ni picha 39 kwenye video, haiwezekani usizione. Ukipata tofauti ya picha mbili tatu huku na kule hiyo ni makosa ya kawaida ya kupima. Halafu toa feni kabisa, rudisha boksi ya kiwandani, pima tena, hii raundi watu wengi wanaisahau na ndo inayoonyesha kama feni imekupunguzia nguvu.

Kwa nini ipunguze? Kwanza ni kile kizuizi nilichosema. Pili, ili ipate nafasi wanatoa boksi ya ea klina iliyokuwa inavuta hewa ya baridi kutoka mbele, wanaweka koni ya wazi juu ya injini, sasa gari inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti. Kila nyuzi joto 10 zikiongezeka hewa inakuwa nyepesi kwa asilimia 3 hivi na nguvu inashuka nayo, na kwenye foleni ya Ubungo mchana chini ya boneti si nyuzi 10 tu zinaongezeka. Tatu ni umeme, chochote feni inachokula kinatoka kwenye oltaneta, na oltaneta inazungushwa na mkanda wa injini hiyohiyo unayotaka kuisaidia.

Kinachoniumiza zaidi ya hela ni hatari zake. Pangaboi ya plastiki ikivunjika, ikiwa imekaa baada ya chujio, vipande vinaenda moja kwa moja kwenye throto na huenda mpaka kwenye valvu. Koni za bei rahisi zinapitisha vumbi, na vumbi la barabara zetu ni msasa kwa ringi na silinda. Na waya mwembamba uliofungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi ukichunika ukagusa bodi unaweza kuwasha gari moto. Kama umeshaifunga na unataka kuitoa, chomoa nguzo hasi ya betri kwanza, toa waya wote mpaka kwenye chanzo usiache ncha inaning'inia, piga tochi ndani ya bomba mpaka kwenye throto uangalie kama kuna vipande, rudisha boksi la zamani na ea klina mpya, hakikisha klempu zote zimekaza na soketi ya sensa ya hewa imekaa sawa.

Sasa kuna mtu atasema mbona Audi wanazo. Ni kweli kabisa. SQ7 ya dizeli ya 2016 ina kompresa ya umeme iliyotengenezwa na Valeo, na Mercedes walifuata 2017 kwenye injini yao ya silinda sita ya M256. Angalia walichofanya lakini: waliweka mfumo mzima wa volti 48 na betri yake, kompresa ya Audi inakula mpaka kilowati 7, inafika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Na pamoja na ukubwa wote huo inafanya kazi kwa muda mfupi tu, kuziba lile pengo la mwanzo kabla tabo za ekzosi hazijaamka, zikishaamka inakaa pembeni. Zipo pia seti za kweli za kufunga kwenye gari za kawaida, zinakuja na betri zake zenyewe na nyaya nene, na bei yake inakutisha. Halafu kuna hizi za katikati zenye mota ya kisasa inayokula ampea 30 au 40, hizo zinaweza kusogeza maji kwenye mpira wa levo kidogo zaidi, lakini ukipiga hesabu ileile ya wati pamoja na upotevu unapata hospawa mbili tatu kwa bahati, na moja yake inaliwa na oltaneta.

Na hata ungepata psi 5 za kweli leo, 1NZ-FE ina kompresheni ya 10.5 kwa 1, yaani silinda yenyewe tayari inabana hewa mara 10.5, ukiishindilia hewa bila kurekebisha mafuta na muda wa kuchoma itaanza kugonga na pistoni zitakulilia. Toyota wenyewe walipotaka Vitz yenye tabo walitoka na 1NZ-FET ya hospawa kama 150, na ile inazungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi ni nguvu ambayo injini ilikuwa inaitupa nje, ndo maana tabo ya ekzosi inaweza kutoa kilowati kadhaa bila kuigusa betri.

Hela uliyotenga kwa feni ipeleke kwanza kwenye ea klina orijino, plagi za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kusafisha throto na sensa ya hewa kwa dawa yake maalum, si petroli. Jaza upepo wa matairi kulingana na stika ya mlangoni. Inua gari uzungushe tairi kwa mkono, ukikuta moja nzito breki inakaba, hiyo inakula nguvu kila siku bila wewe kujua na nimeona gari nyingi zinalalamikiwa injini kumbe ni kalipa imeganda. Gari iliyotembea sana na kula oili, mwambie fundi acheki kama katalaiza (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) imeziba, gari yenye katalaiza iliyoziba inakata pumzi kwenye mizunguko ya juu hata uifunge feni kumi. Pima ile 60 mpaka 90 kabla ya sevisi na baada ya sevisi, barabara ileile, simu ileile, kisha ulinganishe picha.